Picha za shamba zisifie kwenye kamera: jinsi ya kuzihamishia kwenye kompyuta na kuzirekebisha

 

Najua msimu umeanza na wengi wenu akili iko kwenye mbolea na viwavijeshi. Hayo tumeshayaongea na tutayaongea tena. Leo naomba tukae kidogo na jambo ambalo wengi mnalifanya nusu nusu, nalo ni picha za shamba. Kupiga mnapiga, tena sana. Shida inaanza baada ya hapo. Picha zinabaki kwenye memori kadi, kadi inajaa, mtu anafuta ili apate nafasi ya kupiga harusi ya kaka yake, na historia ya shamba inaishia hapo.

Hapa Mwandiga na vijiji vya barabara ya kwenda Manyovu vipo vikundi vya vijana vyenye kamera ndogo za dijitali, nyingine za zamani lakini bado nzima. Wengine mna simu zenye kamera nzuri kuliko hizo. Maelezo ya leo yanafaa kwa vyote viwili, ila nitaanza na kamera kwa sababu ndiyo inayowasumbua wengi.

Kwa nini mkulima wa biashara ahangaike na hili?

Tuchukue zao letu wenyewe, michikichi. Tangu Kassim Majaliwa, wakati huo akiwa Waziri Mkuu, aanze kulisukuma zao hili hapa Kigoma mwaka 2018, vijana wengi wameingia kwenye miche ya Tenera, ile chotara ya Dura na Pisifera ambayo TARI Kihinga wanaishughulikia. Sasa, mche wa Tenera na mche wa Dura yetu ya kienyeji ukiwa kitaluni huwezi kuutofautisha kwa macho. Tofauti unaiona ukikata tunda: Dura ina kifuu kinene na nyama kidogo, Tenera ina kifuu chembamba na nyama nyingi, na mafuta yako kwenye nyama. Tunda lenyewe unalisubiri miaka mitatu hivi.

Fikiria maana yake. Ukiuziwa Dura kwa jina la Tenera, unakuja kujua baada ya miaka mitatu ya palizi, mbolea na kulinda moto. Siku hiyo unahitaji ushahidi wa siku uliyonunua: lebo ya miche, risiti, gari lililoleta, idadi ya miche, na shamba likiwa linapandwa.

Nimeona pande zote mbili za jambo hili. Kikundi kimoja cha vijana walipiga picha kila kitu tangu siku ya kwanza, kwa kamera yao ya kikundi. Picha zote zilikaa kwenye kadi moja. Siku wanataka kuprinti chache, wakapeleka kadi stesheni, kompyuta ikasema kadi inahitaji kufomatiwa, aliyekuwa kwenye mashine akakubali. Mikungu ilipokuja kuzaa, zaidi ya nusu ya michikichi ikawa Dura. Aliyewauzia miche akasema, "Hiyo miche si yangu, nionyesheni." Hawakuwa na cha kuonyesha. Risiti ilikuwa imeshafutika maandishi. Wamekaa na shamba hilo mpaka leo, wanakamua mawese kidogo na kujiuliza wang'oe au wavumilie.

Upande wa pili, dada mmoja aliyepanda ekari mbili alikuwa na kawaida ya kuhamishia picha kwenye laptopu ya mdogo wake kila mwisho wa mwezi. Naye sehemu ya miche ilitoka Dura. Alipokwenda kwa muuzaji alibeba picha ya lebo, picha ya risiti ikiwa bado inasomeka, picha ya miche ikishushwa na tarehe zake. Hapakuwa na ubishi mrefu. Alilipwa miche mingine na sehemu ya gharama za kupanda upya. Miaka yake mitatu hakuna aliyemrudishia, lakini alitoka na kitu mkononi.

Watu kudai picha kabla ya kuamini ni jambo la zamani, hata hapa kwetu. Jane Goodall alipoona sokwe wa Gombe akichokoa mchwa kwa jani la nyasi mwaka 1960, walikuwepo wasomi waliotia shaka. Mwaka 1962 akaja mpiga picha Hugo van Lawick, na picha zake zikaonyesha dunia kile kilichokuwa kinasemwa kwa mdomo.

Na sheria ipo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki. Katika kupima uzito wake, inaangaliwa ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na kama haujachezewa. Ndiyo maana chini huko nitasisitiza sana jambo la kutunza picha halisi bila kuigusa.

Kabla ya kuhamisha: angalia saa ya kamera

Kila picha ya dijitali inabeba taarifa ndani yake: tarehe, saa, aina ya kamera, na kwa simu nyingi hata mahali kama umeruhusu. Lakini kamera inaandika tarehe iliyoambiwa. Betri ikikaa imeisha kwa muda mrefu, saa ya kamera nyingi inarudi mwanzo, na picha zako za mwezi huu zinasoma kuwa zilipigwa tarehe 1 Januari ya miaka kumi na zaidi iliyopita. Kwa hiyo kila ukichaji betri, ingia kwenye mipangilio, hakikisha tarehe. Ukiwa shambani, picha ya kwanza piga kibao au karatasi iliyoandikwa tarehe, jina la shamba na namba ya kipande. Hiyo inakusaidia hata kama saa ya kamera imekosea.

Ukubwa wa picha weka ule mkubwa kabisa. Picha ya JPEG ya kamera ya megapikseli 16 inakuwa na megabaiti 5 hivi, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 4 inachukua picha kama 800. Hakuna sababu ya kubana.

Vifaa unavyohitaji

Njia ni mbili, chagua moja.

Ya kwanza ni kebo ya USB. Kamera za zamani nyingi zinatumia tundu dogo la mini-USB, za baadaye micro-USB, na za sasa USB-C. Ziangalie vizuri kabla hujanunua kebo, kwa sababu mini na micro zinafanana kwa mbali lakini haziingiliani. Kuna kamera pia zenye tundu la kampuni yake peke yake, hapo kebo ya kawaida haifai.

Ya pili ni kisoma kadi, kale kadude unachomeka kadi ndani halafu unakachomeka kwenye USB. Laptopu nyingine zina tundu la kadi ubavuni. Mimi napenda njia hii zaidi kwa sababu haili betri ya kamera, na kebo ya kamera ikipotea haikusumbui. Angalizo moja: kadi za SD ziko za aina. Mpaka gigabaiti 2 ni SD ya kawaida, kuanzia 4 mpaka 32 ni SDHC, zaidi ya hapo ni SDXC. Kisoma kadi cha zamani kinaweza kushindwa kusoma kadi kubwa na kompyuta ikakuambia "fomati". Usikubali! Jaribu kisoma kadi kingine au kompyuta nyingine kwanza. Kikundi niliyowaeleza hapo juu, huenda kadi yao ilikuwa nzima.

Kabla hujachomeka, sukuma kile kiswichi kidogo cha ubavuni mwa kadi ya SD kiende upande wa "Lock". Kadi ikiwa imefungwa hivyo kompyuta inaisoma tu, haipaswi kuandika wala kufuta kitu. Hii ni kinga nzuri hasa ukiwa stesheni kwenye kompyuta yenye virusi. Ukirudi kwenye kamera, kifungue, la sivyo kamera itakataa kupiga.

Hatua kwa hatua

1. Zima kamera. Chomeka kebo kwenye kamera na kwenye kompyuta, halafu washa kamera. Hakikisha betri ina chaji ya kutosha, maana kamera ikizimika katikati faili linaweza kuharibika. Kama unatumia kisoma kadi, toa kadi kamera ikiwa imezimwa.

2. Kwenye kompyuta ya Windows fungua "This PC". Utaona jina la kamera au herufi mpya kama E au F. Hiyo ndiyo kadi yako. Kwa simu ya Android, ukichomeka kebo mara nyingi inachaji tu. Shusha taarifa za juu kwenye simu, gusa ile ya USB, chagua kuhamisha faili.

3. Ingia kwenye folda inayoitwa DCIM. Kamera karibu zote za dijitali zinatumia jina hilo. Ndani utakuta folda nyingine yenye namba, kama 100CANON au 101MSDCF, na humo ndimo picha zilimo.

4. Kwenye kompyuta tengeneza folda mpya. Ipe jina linaloanza na mwaka, mwezi, siku, kisha shamba na kazi. Mfano: 2024-11-16 Michikichi kipande B kupanda. Ukianza na mwaka, folda zinajipanga zenyewe kwa mfuatano wa tarehe.

5. Rudi kwenye picha, bonyeza Ctrl na A kuzichagua zote, kisha Ctrl na C kukopi. Nenda kwenye folda yako, bonyeza Ctrl na V kupesti. Tumia kopi, USIKATE. Ukikata na umeme ukakatika katikati, unaweza kukosa huku na kule. Ukikopi, hata mashine ikizima, picha zako bado ziko kwenye kadi.

6. Hesabu. Chagua picha zote kwenye kadi uone idadi, chagua zote kwenye folda uone idadi. Zilingane. Fungua tatu nne, ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho, uone zinafunguka mpaka chini bila mistari ya kijivu.

7. Ondoa kadi kwa utaratibu: bofya kulia kwenye alama yake, chagua "Eject", ndipo uchomoe.

8. Usifute kitu kwenye kadi siku hiyo. Subiri mpaka uwe na nakala ya pili sehemu nyingine.

Jambo moja linalowachanganya watu ni majina. Kamera inaita picha IMG_0001, IMG_0002 na kuendelea. Ikifika 9999 inaanza upya, na kamera nyingine zinaanza upya kila ukifomati kadi. Kwa hiyo miezi miwili tofauti inaweza kuwa na IMG_0001 mbili. Ukipesti kwenye folda moja, kompyuta itauliza kama ibadilishe ile ya zamani. Ukijibu ndiyo kwa haraka, picha ya zamani imekwenda. Kila safari na folda yake, tatizo linaisha.

Kurekebisha picha: ipi inaguswa na ipi haiguswi

Sasa tuje kwenye kuediti. Kanuni ya kwanza: usiediti picha halisi. Ndani ya folda yako tengeneza folda nyingine iitwe "Zilizorekebishwa", kopi picha unayotaka, fanyia kazi hiyo kopi. Sababu iko hivi. Picha ya JPEG kila ukiibadilisha na kuihifadhi upya inapoteza ubora kidogo. Zaidi ya hapo, picha iliyoguswa ikiletwa kama ushahidi, mtu atauliza umegusa nini.

Programu za bure zipo. Ile ya picha inayokuja na Windows inatosha kukata kingo na kunyoosha. IrfanView ni nyepesi, inafaa kompyuta za zamani, na inaweza kupunguza ukubwa wa picha nyingi kwa mpigo. GIMP ni kubwa zaidi, kwa mwenye muda wa kujifunza.

Ninazigawa picha za shamba katika makundi matatu.

*Picha ya kumbukumbu au ushahidi.* Usiiguse kabisa. Lebo, risiti, mipaka ya shamba, hasara ya mifugo kuingia shambani, mzigo ukipimwa kwenye mizani. Zibaki kama zilivyotoka kwenye kamera.

*Picha ya ugonjwa au upungufu.* Hii ndiyo mnanitumia sana. Unaweza kukata kingo ili sehemu yenye shida ionekane, basi. Rangi usiiguse! Mimi nikiangalia jani la mhogo naangalia njano yake imekaaje. Batobato inaleta mabaka ya njano au kijani mpauko na majani yanajikunja, tena yale machanga. Michirizi ya kahawia, njano yake inafuata mishipa kwenye majani yaliyokomaa ya chini, na mwenye shamba asipokata mzizi hawezi kujua kilicho ndani. Kwenye mchikichi, madoadoa ya rangi ya chungwa kwenye makuti ya zamani yananipeleka kwenye upungufu wa potasiamu, na makuti ya zamani yakiwa njano ya chungwa upande unaopigwa na jua huku yaliyo kivulini yakibaki kijani, nafikiria magnesiamu. Ukishaongeza rangi ili picha "ipendeze", unaweza kunifanya nikushauri mbolea ambayo huihitaji, na fedha ni yako.

Kwa viwavijeshi vamizi, nisogezee kichwa na mkia. Natafuta alama ya Y iliyogeuzwa kichwani na nukta nne zilizokaa kama mraba karibu na mkia. Picha ikiwa na ukungu, hata uiediti siku nzima nukta hazitaonekana. Piga tatu nne, uchague kwenye kioo kikubwa cha kompyuta. Hiyo nayo ni faida ya kuhamisha: kioo cha kamera kinadanganya, kila picha pale inaonekana kali.

*Picha ya soko.* Hapa ruksa kupendezesha kidogo. Nyoosha, kata kingo, ongeza mwanga kama ilipigwa jioni. Lakini dagaa, mawese au ndizi ya kwenye picha ifanane na ile mteja atakayopokea. Mawese ukiyaongeza wekundu, mnunuzi akifungua dumu akakuta rangi nyingine, umempoteza huyo na wenzake anaowaambia.

Ukitaka kutuma picha kwa WhatsApp, jua kwamba ukiituma kama picha ya kawaida inabanwa, na zile taarifa za tarehe ndani yake zinaondolewa. Ukitaka nipate picha yenyewe, itume kama "Document". Bando litatumika zaidi, lakini nitaona unachokiona.

Nakala tatu, na kadi ikileta shida

Laptopu inaibiwa, inamwagikiwa chai, inapigwa na umeme ukirudi kwa nguvu. Wataalamu wa picha wana kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae sehemu nyingine. Kwetu inaweza kuwa hivi: moja kwenye laptopu, moja kwenye flashi au hadidiski ya kikundi nyumbani kwa mweka hazina, na zile muhimu tu kwenye mtandao. Google wanatoa gigabaiti 15 bure, na tangu Juni 2021 picha zako zinahesabiwa humo, kwa hiyo pandisha lebo, risiti na picha za mipaka kwanza.

Kadi ikionyesha folda zimegeuka kuwa njia za mkato, hicho ni kirusi, na mara nyingi picha zipo ila zimefichwa. Usizibofye hizo njia za mkato. Kwenye kompyuta yenye kinga ya virusi iliyo hai, fungua kiswichi cha kadi, fungua cmd, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya kadi yako. Picha zikitokea, kopi picha peke yake.

Kama zimefutwa au kadi imefomatiwa, la kwanza ni kuacha kupiga picha kwenye kadi hiyo papo hapo. Mara nyingi picha iliyofutwa bado imo, mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kuna programu ya bure inaitwa PhotoRec inayoweza kuzitafuta. Inapokuuliza zihifadhiwe wapi, chagua kompyuta, usichague kadi ileile. Majina ya picha yatakuwa yamepotea, lakini kilicho ndani mara nyingi kinapatikana. Kuhangaika huku kunafaa kufanywa siku hiyohiyo, usingoje wiki.

Kazi ya wiki hii

Kabla ya Jumapili, chukua kadi ya kamera au simu yako, tengeneza folda ya msimu huu, hamisha picha zote, hesabu, weka nakala ya pili kwenye flashi. Kwenye kikundi, mchagueni mmoja awe mtunza picha kama mnavyokuwa na mtunza fedha, na aandike kwenye daftari tarehe aliyohamisha na idadi. Kwa wenye michikichi michanga, nendeni leo mkapige lebo na risiti zenu kabla maandishi hayajafutika.

Mwenye kisoma kadi kinachokataa au kadi inayosema "fomati", anipitie ofisini siku ya gulio aje nayo, asibonyeze kitu njiani. Tutaifungua pamoja.

Kazi njema, na mvua iwe ya heri.